Gari limegongwa likiwa limeegeshwa, aliyegonga hana bima: Nani atalipa?

Na Mwandishi Wetu, Sumbawanga

MWENYE gari anayeliacha kando ya barabara karibu na soko mjini Sumbawanga na kuingia dukani kununua kilo mbili za misumari, anaweza kutoka akakuta mlango wa kulia umebonyea, kioo cha pembeni kinaning'inia kwa waya, na kijana amesimama kando ya pikipiki yake akitetemeka. Watu wameshajaa. Kila mmoja ni shahidi na kila mmoja ni hakimu. Kijana huyo atasema, "Nisamehe mzee, breki zimekataa." Akiulizwa habari ya bima, atainamisha kichwa.

Mfano huu hauna jina la mtu wala namba ya gari, na hauvihitaji. Mkazi yeyote wa Mazwi, Katandala au Kizwite anaweza kuujazia majina yake mwenyewe. Wakati mwingine aliyegonga si bodaboda bali ni dereva wa Fuso aliyerudi nyuma bila utingo wa kumwelekeza, au kijana aliyekuwa akijifunza kuendesha gari la shemeji yake. Yanayofuata hayatofautiani sana. Hupatikana makubaliano ya mdomo barabarani, hutolewa ahadi ya "mwisho wa mwezi", kisha simu huacha kupokelewa.

Miaka 20 iliyopita suala hili lisingesumbua wengi katika uwanda wa juu wa Ufipa. Safari ya Tunduma hadi Sumbawanga ilikuwa ya vumbi wakati wa kiangazi na ya kulala njiani wakati wa masika, na magari ya watu binafsi mjini yalikuwa machache. Mambo yalibadilika baada ya barabara hiyo kujengwa kwa lami chini ya mkataba wa Tanzania na Mfuko wa Changamoto za Milenia (MCC) wa Marekani, uliotekelezwa kati ya mwaka 2008 na 2013. Ile ya kwenda bandari ya Kasanga kupitia Matai nayo iliwekwa lami. Zikaja Noah, Probox na Hiace, likaja jeshi la bodaboda, na katika msimu wa mahindi yakaja malori yenye kupanga foleni. Mitaa ya katikati ya mji ilibaki na upana wake ule ule.

Gari linalogongwa hapa mara nyingi si pambo la mwenyewe. Ndilo linalopeleka abiria Laela, linalobeba maharage kutoka vijijini na dagaa kutoka Kasanga. Likilala kwa fundi wiki mbili likisubiri taa au mlango kutoka Mbeya au Dar es Salaam, hasara ya mwenyewe si gharama ya fundi pekee. Ni ada ya mtoto na marejesho ya mkopo. Kwa sababu hiyo swali la nani atalipa halipaswi kuachiwa busara za watu waliokusanyika.

Jambo la kwanza linalopotosha wengi ni neno "bima" lenyewe. Mwenye gari lililogongwa hujipa moyo kwa kusema, "Mimi nina bima." Ukichunguza, utakuta ana bima ndogo, yaani ile ya kuwalinda watu wengine, ambayo kwa gari dogo la binafsi imezoeleka kutozwa Sh100,000 kabla ya kodi ya ongezeko la thamani. Bima hiyo hailipi hata bolti moja ya gari lake mwenyewe. Kazi yake ni kulipa madhara ambayo yeye angemsababishia mwingine. Iliyokuwa na uwezo wa kumsaidia siku hiyo ni bima ya aliyegonga, ambayo haipo, au bima kubwa yake mwenyewe, ambayo hakukata kwa sababu hutozwa kwa asilimia ya thamani ya gari na kwa wengi ni mzigo.

Jambo la pili halisemwi sana. Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, inakataza mtu kutumia chombo cha moto barabarani bila bima. Lakini ukisoma kile ambacho sheria hiyo inalazimisha kukatiwa bima, utakuta ni kifo na majeraha ya mwili wa binadamu. Mali haimo. Sheria hiyo ni ya tangu enzi za ukoloni na ilifuata mfano wa Uingereza ya wakati huo, ambako hofu kubwa ilikuwa ni watembea kwa miguu wanaouawa na kuachwa bila fidia. Kampuni za bima nchini huongeza ulinzi wa mali katika mikataba yao ya bima ndogo, tena kwa kikomo, na hiyo ndiyo inayowalipa wenye magari yaliyogongwa na madereva wenye bima. Wanalipwa kwa nguvu ya mkataba wa kampuni na mteja wake. Kwa maneno mengine, hata kama kila bodaboda wa Sumbawanga angetimiza sheria hiyo kwa herufi zake, mlango wa Noah usingekuwa na wa kuulipia kwa lazima.

Hata hivyo, kabla ya kukata tamaa ni vizuri kuhakikisha kwamba bima kweli haipo. "Sina bima" ni jibu la dereva, na dereva si lazima awe mwenye chombo. Vijana wengi wanaendesha pikipiki za mkataba. Tajiri ananunua, kijana anapeleka hesabu kila siku, na baada ya muda waliokubaliana pikipiki inakuwa yake. Kijana wa namna hiyo anaweza asijue kama bima ipo, au akajua na kukaa kimya kwa kumwogopa tajiri. Mamlaka ya Usimamizi wa Bima (TIRA), iliyoundwa chini ya Sheria ya Bima ya mwaka 2009, ina mfumo wa kielektroniki wa TIRA-MIS ambamo mtu yeyote anaweza kuingiza namba ya usajili kwa simu na kuona kama chombo kina bima hai na ya kampuni gani. Mfumo huo ulisaidia kupambana na stika bandia zilizokuwa zikibandikwa vioo vya mbele. Kinachotakiwa ni kufanya hivyo pale pale, dereva akiwa bado amesimama mbele yako.

Ikithibitika kwamba bima haipo, umati hugawanyika pande mbili. Upande mmoja husema "muite trafiki," mwingine husema "malizaneni." Pande zote mbili zina hoja, na kila mmoja una mtego wake.

Tuanze na trafiki. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inamtaka dereva aliyesababisha ajali asimame, ajitambulishe, na ajali iripotiwe. Askari akija, jambo linaloweza kutokea kwa urahisi ni aliyegonga kuandikiwa faini. Kwa gari imezoeleka kuwa Sh30,000 kwa kosa. Kwa bodaboda na bajaji, Serikali ilitangaza katika bajeti ya mwaka 2021/22 kuishusha kutoka Sh30,000 hadi Sh10,000. Mwenye gari humwona kijana akiandikiwa, akadhani haki imeanza kutendeka. Fedha hizo zinakwenda Serikalini. Hakuna hata shilingi inayokwenda kwa fundi wa bodi.

Tena kuna hasara nyingine iliyojificha hapo. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inampa hakimu mamlaka ya kumwamuru mshtakiwa aliyetiwa hatiani amlipe fidia aliyeathirika. Ili amri hiyo itolewe, sharti mshtakiwa afikishwe mbele ya hakimu. Akilipa faini ya papo kwa papo, suala la jinai limekwisha na hakimu hatamwona. Mwathirika anayetaka njia hiyo anapaswa kumweleza askari mapema kwamba kuna uharibifu wa mali na kwamba anaomba ajali ipimwe, ichorwe ramani, na gari likaguliwe na mkaguzi wa Polisi. Hata kama kesi ya jinai haitafunguliwa, ripoti hiyo ndiyo uti wa mgongo wa madai yoyote ya baadaye. Aidha, kwa mwenye bima kubwa, ni vigumu kampuni kumsikiliza bila taarifa ya Polisi.

Upande wa "malizaneni" ndio unaoshinda mara nyingi hapa Sumbawanga, na sababu zake si za kubeza. Huu ni mji ambao aliyekugonga anaweza kuwa mtoto wa mtu mnayesali naye kanisa moja, au mpangaji wa dada yako. Kumpeleka mtu mahakamani kwa ajili ya bampa huonekana kama kutangaza uadui na ukoo mzima. Wapo pia wanaotumia jina la mji wetu, ambalo wengi hulitafsiri kuwa "tupa uchawi", kutania kwamba mdaiwa wa Sumbawanga halipi kwa kuogopa hakimu bali kwa kuogopa mambo mengine. Mwandishi wa makala haya hajawahi kuona bampa lililonyooshwa kwa vitisho vya aina hiyo.

Kasoro ya kumalizana si kumalizana kwenyewe, bali ni kumalizana kwa mdomo. Na hapa ndipo penye jambo ambalo, kwa maoni yangu, kila mwenye gari angepaswa kulijua kuliko jingine lolote.

Watu wengi huamini kwamba kesi ndogo kama hii ni ya Mahakama ya Mwanzo, iliyo karibu, yenye gharama nafuu na isiyo na makaratasi mengi. Sivyo. Dai la kwamba fulani ameharibu mali yangu kwa uzembe ni dai la madhara, na Sheria ya Mahakama za Mahakimu, Sura ya 11, haikuipa Mahakama ya Mwanzo mamlaka ya kulisikiliza, isipokuwa pale inapohusika sheria ya kimila au ya Kiislamu. Mgongano wa pikipiki na Noah si jambo la kimila. Mahakama Kuu imekuwa ikifuta mashauri ya madhara yaliyosikilizwa na Mahakama za Mwanzo bila mamlaka, na aliyeshinda hujikuta anaanza upya katika Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi. Huko hati ya madai inaandaliwa kwa kanuni, na mtu wa kawaida hujiona anahitaji wakili ambaye ada yake inaweza kuzidi bei ya mlango wenyewe.

Lakini sheria hiyo hiyo imeipa Mahakama ya Mwanzo mamlaka juu ya deni litokanalo na mkataba, na marekebisho ya mwaka 2016 yalipandisha kiwango chake hadi Sh30 milioni. Maana yake ni hii. Kijana akikiri kwa maandishi kwamba amegonga gari namba fulani, kwamba anakubali kulipa kiasi fulani, kwa awamu zilizotajwa tarehe, akatia saini mbele ya mashahidi, dai limebadilika sura. Halibishaniwi tena kama la uzembe wa barabarani. Ni deni la mkataba. Asipolipa, karatasi hiyo inaweza kupelekwa Mahakama ya Mwanzo iliyo jirani, na kazi ya hakimu inakuwa nyepesi: saini ni yako au si yako, umelipa au hujalipa. Hata muda huongezeka, kwani Sheria ya Ukomo inatoa miaka 3 kwa dai la madhara, na miaka 6 kwa dai la mkataba.

Karatasi yenyewe haihitaji lugha ya kisheria. Inahitaji majina kamili kama yalivyo kwenye kitambulisho cha Taifa, namba za vyombo vyote viwili, mahali na saa, kilichoharibika, kiasi na tarehe za malipo. Mwenyekiti wa mtaa ni shahidi mzuri, naye ana mhuri. Awamu ni vyema zipangwe kwa kadiri mdaiwa anavyoweza kulipa. Kwa familia nyingi za Ufipa fedha haziji mwisho wa mwezi, zinakuja baada ya mavuno, na tarehe ya malipo iliyopangwa Februari, wakati ghala ni tupu na mvua inanyesha, ni tarehe ya kujidanganya. Kama mwenye pikipiki anaweza kupatikana, naye atie saini kuwa mdhamini. Yeye ndiye mwenye chombo cha kukamatwa.

Kuna tahadhari mbili ambazo zikipuuzwa karatasi hiyo hugeuka kuwa takataka. Sheria ya Mikataba inataka ridhaa iwe huru. Kijana aliyetia saini huku umati ukitishia kumchoma moto pamoja na pikipiki yake anaweza kuja kusema hakuridhia, na hakimu akamsikiliza. Ile desturi ya kumnyang'anya ufunguo na kufungia pikipiki uani kwa mtu hadi alipe haina msingi wa kisheria, na inaweza kumgeuza mdai kuwa mshtakiwa. Pikipiki ikishikiliwa, ishikiliwe kituoni na Polisi.

Tahadhari ya pili inamhusu mwenye bima kubwa. Huyu akigongwa na asiye na bima, njia yake nyepesi ni kudai kwa kampuni yake. Italipa matengenezo, baada ya kutoa kile kiasi cha awali anachobeba mwenyewe, kisha haki ya kumfuata mkosaji inahamia kwa kampuni. Akishamwandikia kijana kwamba "tumemalizana, sitakudai tena" kwa Sh50,000 za pale pale, ameiuza haki ambayo kampuni ilitarajia kuirithi, nayo inaweza kukataa kumlipa.

Tusisahau pia kwamba aliyeegesha si mara zote hana kosa. Gari lililoachwa kwenye kona ya mlima, au lililoharibika usiku na kuachwa bila pembetatu ya tahadhari katika ukungu wa uwanda huu, linaweza kumfanya hakimu agawe lawama na kupunguza fidia. Picha za simu zipigwe kabla gari halijasogezwa, zikionyesha magurudumu na ukingo wa barabara.

Kuhusu kiasi, uamuzi wa mahakama ni mkali. Mahakama ya Rufani imesisitiza mara nyingi kwamba hasara halisi sharti itajwe waziwazi na ithibitishwe. Maneno ya "fundi alisema kama laki nne hivi" hayatoshi. Zinatakiwa stakabadhi za vipuri na za kazi. Anayedai pia kipato alichokosa gari likiwa gereji anatakiwa kuleta kumbukumbu za mapato yake ya kila siku, jambo ambalo wenye Hiace wachache wamewahi kulifanya.

Kama aliyegonga ni gari la Serikali au la halmashauri, njia ni nyingine kabisa. Inatakiwa notisi ya siku 90, na shauri linafunguliwa Mahakama Kuu, ambayo kwa bahati nzuri ina kanda hapa Sumbawanga, huku Mwanasheria Mkuu wa Serikali akiunganishwa. Tangu marekebisho ya mwaka 2020, halmashauri nazo zimewekwa katika utaratibu huo. Kwa mlango wa Noah, huo ni mlima.

Nchi nyingine zimejaribu kuziba pengo hili. Uingereza ina Ofisi ya Bima za Magari iliyoanzishwa mwaka 1946, inayochangiwa na kampuni za bima zenyewe, nayo hulipa madhara ya madereva wasio na bima, hata ya mali. Afrika Kusini ina Mfuko wa Ajali za Barabarani unaotokana na tozo ya mafuta, lakini huo hulipa miili tu. Gari lililobonyezwa halimo. Kwa hali hiyo, wanaodai kwamba Tanzania ianzishe mfuko wa kulipa magari yaliyogongwa wanadai jambo ambalo hata nchi yenye uchumi mkubwa kuliko wetu haikulithubutu. Sidhani kama litakuja karibuni, wala sidhani kama ndilo la kwanza. Aliyevunjwa mguu na bodaboda asiye na bima ana haki ya kutangulia.

Linalowezekana kwa gharama ndogo ni kuiongezea Mahakama ya Mwanzo mamlaka ya kusikiliza madai ya uharibifu wa vyombo vya moto, kwa kiwango maalumu. Mahakimu wake leo ni wanasheria waliosomea, si kama zamani, na tangu mwaka 2021 Kiswahili kimefanywa lugha ya mahakama zote. Sababu ya kumpeleka mwenye Probox wa Laela katika Mahakama ya Wilaya kwa dai la Sh350,000 imekwisha nguvu. Hilo linahitaji kifungu kimoja tu katika moja ya miswada ya marekebisho ya sheria mbalimbali ambayo hupelekwa bungeni mara kwa mara.

Kungekuwa na maana pia kama askari anayepima ajali angetakiwa kuandika katika taarifa yake majibu ya TIRA-MIS na jina la mwenye chombo kwa mujibu wa kumbukumbu za Mamlaka ya Mapato (TRA), kisha akampa mwathirika nakala. Leo mwathirika huyatafuta hayo mwenyewe, mara nyingi baada ya kijana kwenda kwao Namanyere na laini ya simu kubadilishwa.

Jina hilo la mwenye chombo si jambo dogo. Mdai anaweza kuwa na hati safi, mashahidi na hukumu ya mahakama mkononi, akaomba pikipiki ikamatwe na kuuzwa ili alipwe. Dalali wa mahakama akifika na kukuta kadi bado inasoma jina la mtu wa Mbeya aliyeiuza miaka minne iliyopita bila kubadilisha umiliki, mtu huyo ana haki ya kuja kupinga, na kesi nyingine inaanza.